Kiwanja cha Mjane wa Mumba

Ramani ilitandazwa juu ya boneti ya Landrova, na kwa kuwa upepo wa kilima cha Mulonde haukukubali ilale, Kasonde, mkuu wa selula ya chama, aliibana pembeni kwa mawe. Ilikuwa Jumamosi. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha njia, na majembe yalikuwa bado mabegani. Wachache walijua kusoma ramani. Waliobaki walikifuata kwa macho kidole cha mtu aliyeileta, kinapokwenda na kinaposimama.

Mtu huyo alikuwa raia Mukuka, sitwayen kama walivyoitana siku zile, mpangaji wa mitaa kutoka ofisi za katikati ya Lubumbashi. Alikuwa kijana bado, na abakosi yake ya kijivu, koti la chama lisilo na tai, ilikuwa imepigwa pasi hadi mifukoni. Hakuwa mkali. Alizungumza kama mwalimu anayependa somo lake.

"Mulonde itakuwa mutaa," alisema. "Mutaa ya kweli. Leo nyumba zenu ziko kama mahindi yenye balimwangia kuku." Watu walicheka kidogo. "Barabara hazitapanda moja kwa moja. Zitazunguka kilima, mvua isichimbe makorongo. Hapa masomo ya batoto. Hapa dispanseri. Na huku juu, kwenye moshi ya kiwanda cha shaba haifike, mustari ya viwanja vya kwanza."

Kisha akaeleza kanuni. Udongo wote ulikuwa wa serikali sasa, sheria mpya ilikwisha kusema hivyo, lakini serikali haikuwa na roho mbaya. Mwenye nyumba aliyejenga kabla ya mwaka ule serikali ilipowaondolea watu majina ya kizungu angepewa kiwanja. Aliyekuja baadaye alikuwa mvamizi, naye angeondoka kabla ya mvua kuanza. Kwa kuwa hakuna ofisi iliyowahi kuandika lolote juu ya kilima hiki, ilihitajika sauti ya mtu mzima wa kuaminika, apite nyumba kwa nyumba na kusema nani alikuwepo.

Hakuna aliyeuliza mtu huyo ni nani. Macho yote yalimgeukia Donat Kalaba.

Donat alikuwa mstaafu wa reli. Ndiye aliyejenga wa kwanza Mulonde, na karibu kila aliyepanda kilima hicho baada yake alilala kwanza chini ya bati lake. Mkewe, Honorine Nkandu, alikuwa amesimama nyuma na wanawake, bega kwa bega na jirani yake Constance Kunda. Mashamba yao yalipakana bila hata ua katikati. Marehemu mume wa Constance, Mumba, alikuwa akiunganisha mabehewa pamoja na Donat, hadi siku mabehewa yalipombana. Matanga yalipoisha, Donat mwenyewe ndiye aliyemleta mjane na binti zake hapa, na fito za kwanza za nyumba yao alizikata kwa mkono wake.

Msafara ulianza. Mbele ya kila mlango Donat alisimama, akakohoa, akasema, "Ule alikuwako." Mukuka akaandika. Kwa vijana wawili watatu waliokuja juzijuzi alisema ukweli pia, nao hawakubisha. Walipofika kwa Constance, Donat alisimama kama kwingine, lakini kikohozi kilichelewa. Aliutazama ukuta, hakutazama uso wa mtu.

"Ule alikuya nyuma," alisema.

Constance alicheka. Alidhani ni utani, maana Donat alikuwa na utani wa watu wa reli.

"Nyuma ya miaka gani?" Mukuka aliuliza.

"Nyuma ya majina."

"Shemeki," Constance alisema, na kicheko kilikuwa hakijaisha mdomoni, "unasema nini? Hii nyumba ulijenga na weye."

Donat aliendelea kuutazama ukuta. Constance akamgeukia Honorine, akangoja. Honorine alihisi bega la rafiki yake likiwa bado limegusana na la kwake, na joto la jua kwenye kitambaa cha nguo zao. Alitazama miguu yake. Kulikuwa na tope jekundu la salongo kati ya vidole, na alilitazama tope hilo kama kwamba aliombwa alihesabu. Alipoinua macho, kibarua wa Mukuka alikwisha chovya brashi kwenye kopo, na msalaba mwekundu wa wavamizi ulikuwa ukishuka taratibu kwenye ukuta wa Constance.

Msafara ukaendelea na nyumba inayofuata.

*

Jioni ile Honorine aliweka mezani bukari, ugali wao, na sombe ya majani ya mihogo iliyomwagiwa mafuta. Donat alinawa, akakata tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Sema," alimwambia mkewe. "Najua unataka kusema."

"Miye sina la kusema. Weye njo mwenye kusema leo."

"Unafikiri nilifurahi?"

"Sikuona uso yako. Uliangalia ukuta."

Ndipo Donat alipomweleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza ugonjwa. Kasonde alikuwa amemwita kando siku za nyuma. Kanuni ilikuwa kiwanja kimoja kwa nyumba moja, hata kama nyumba ina watoto wakubwa. Lakini kama ardhi iliyopakana na ya kwako haina mwenyewe, kijana wako anaweza kuandikishwa pale. Liévin, mtoto wao wa pekee aliyebaki, alikuwa anafanya kazi mgodini Kambove na kulala chumba kimoja na wenzake. Alikuwa amepeleka barua ya posa kwa wazazi wa msichana anayeitwa Annie. Baba yake Annie, ambaye alikuwa karani, alikuwa ameuliza swali moja tu: mtoto wangu atakaa wapi?

"Mutoto yetu hana hata pa kutundika kofia," Donat alisema. "Miye nilifanya kazi miaka yote, niliacha nini? Mugongo ya kuuma. Constance iko na kaka yake ku Kipushi. Atamupokea."

"Ule kaka njo alimufukuza, na weye unajua. Ulikwenda kumutoa kule na baiskeli yako."

"Watu wanabadilika."

"Njo vile," Honorine alisema. "Nimeona."

Donat alisukuma sahani. Alikuwa mtu ambaye tangu ujana hakuwahi kukosa misa, na waliokuwa wakigombana kilimani walikuja kwake kabla ya kwenda kwa padri. Sasa alikaa akikuna ukingo wa meza kwa ukucha.

"Na weye," alisema hatimaye, "kama niliongopa, juu ya nini ulinyamaza?"

Honorine aliinuka, akakusanya vyombo, chakula kikiwa hakijaliwa.

*

Jumatatu Honorine aliweka unga wa mihogo kwenye beseni, akaufunika kwa kitambaa safi, akavuka shamba. Constance alikuwa akichimba mihogo iliyokuwa haijakomaa, mizizi myembamba kama vidole vya mtoto, akiitupa kwenye kapu bila kuikung'uta udongo. Binti yake mkubwa alikuwa juu ya paa akilegeza misumari ya bati.

"Odi, Mama."

"Karibu," Constance alisema, lakini hakuacha jembe.

"Nimekuletea kaunga kidogo."

"Nimeona."

Honorine alisimama na beseni lake kichwani, kisha mikononi, kisha akaliweka chini. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa mji, na kwa mbali bomba refu la kiwanda lilikuwa likivuta sigara yake kama siku zote.

"Kaunga yako nikipokea," Constance alisema, "ni kusema hii mambo imeisha. Haiyaisha, Mama Liévin. Beba tu."

"Si ya Donat. Ni ya miye."

"Miye na weye tulikuwa nani?" Constance aliegemea jembe. Hakupandisha sauti. "Ya bwana yako naielewa. Alitamani kintu, akachukua. Wanaume njo vile, hata marehemu alikuwa na tamaa zake. Lakini weye haukutamani. Nilikuangalia. Ungesema tu, hapana, mbele ya bantu wote, hapana moja tu, ule kijana wa ofisi angeandika."

"Ule alikuwa bwana yangu, mbele ya bantu."

"Na miye nilikuwa nani mbele ya bantu?"

Binti aliyekuwa juu ya paa aliacha kugonga. Honorine aliinama, akachukua beseni, akarudi nalo. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walimpisha njia, wakamwamkia kwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kawaida. Hakuna aliyemuuliza amebeba nini. Walijua anatoka wapi, na kwamba unga wake haukupungua.

*

Honorine alikwenda mjini bila kumwambia Donat. Alivaa kitenge kizuri chenye mwenge wa chama, alichokuwa nacho kwa ajili ya maandamano, kwa kuwa aliambiwa kwamba mlinzi wa ofisi zile huwatazama watu nguo kabla ya kuwatazama uso.

"Jina?" mlinzi aliuliza.

"Honorine."

"Mama, majina ya bazungu yaliisha. Jina?"

"Nkandu."

"Sitwayen Nkandu. Kaa pale."

Alikaa. Waliokuja baada yake waliingia na kutoka, wengine wakipeana mikono na mlinzi kwa namna ambayo mkono mmoja ulitoka ukiwa umejaa. Mchana ulipofika wafanyakazi walikwenda kula, na alibaki kwenye benchi na mzee mmoja aliyekuwa amelala. Mlinzi alimwambia anyooshe miguu upande mwingine, watu wapite. Hakukuwa na watu wa kupita.

Mukuka alipomwona alimkumbuka. Alimpa kiti, na hilo lilimshtua Honorine zaidi kuliko benchi. Ukutani, chini ya picha ya Mkuu wa nchi, kilima cha Mulonde kilikuwa kimechorwa chote, kila kiwanja ndani ya mstari wake, na barabara zikikizunguka kama shanga kiunoni. Alikitafuta kisima, hakukiona.

"Sitwayen, bwana yangu aliongopa," alisema. Alikuwa amepanga kuanza mbali, kwa salamu na habari za kilimani, lakini maneno yalitoka yenyewe. "Constance Kunda alikuya mwaka moja na siye. Masika moja. Nyumba yake, bwana yangu njo alikata miti."

Mukuka aliweka kalamu chini.

"Bwana yako anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Bon. Nisikilize, mama. Nakuamini. Lakini siwezi kuandika. Mwanamke wa ndoa hawezi kuja kufuta neno la mume wake kwenye ofisi ya serikali. Sheria haimpi sauti bila ruhusa ya mume. Nikiandika, kesho mkubwa wangu atauliza, mume yuko wapi, na karatasi itachanwa."

"Na kama ningekuwa mujane?"

"Ungesema, ningekuandika."

"Lakini Constance iko mujane, na alisema siku ile. Haukuandika."

Mukuka alitazama ramani yake ukutani, na kwa mara ya kwanza Honorine aliona kwamba kijana huyu alikuwa amechoka.

"Ule alikuwa anajisemea mwenyewe," alisema. "Kila mtu anajisemea. Ndiyo maana nilimuomba mzee wenu. Mlete mume wako, mama. Aseme mwenyewe. Lakini afanye upesi, maana hii michoro ikipanda kwa wakubwa, haitashuka tena."

Honorine alirudi kwa miguu. Kiatu kimoja kilimuuma, akavivua vyote na kuvibeba. Alipofika nyumbani, Donat alikuwa akirekebisha mlango ambao haukuwa na ubovu. Alimwambia alikotoka na alichoambiwa, neno kwa neno. Donat alisikiliza huku amemgeuzia mgongo.

"Ulikwenda kuniita muongo ku serikali," alisema.

"Nilikwenda. Hawakunisikia."

"Basi Mungu amenisaidia."

"Kama njo Mungu," Honorine alisema.

*

Liévin alikuja mwisho wa juma, na safari hii hakuja peke yake. Annie alikuwa msichana mwembamba, mwenye adabu, nywele zimesukwa kwa uzi kwenda juu. Alipiga magoti kidogo kuwasalimu wazee, akafungua mfuko na kutoa sukari na sabuni. Honorine alimpenda papo hapo, na kumpenda huko kulimzidishia uzito moyoni.

Donat aliwapeleka kuona kiwanja. Honorine alifuata nyuma. Vigingi vya wapimaji vilikwisha kupigwa, vichwa vyao vimepakwa rangi nyeupe, na kimoja kilikuwa kimesimama katikati ya matuta ya Constance. Liévin alianza kupima kwa hatua, akinyoosha mikono.

"Saloni hapa," alimwambia Annie. "Dirisha inaangalia mji. Usiku utaona taa zote za Makomeno. Chumba yetu huku. Jikoni nyuma, moshi isiingie."

Annie alitembea ndani ya vyumba hivyo visivyokuwepo, akiwa makini asikanyage ukuta. Alifika kwenye kona ambako Constance alikuwa ameinama, akichimba mihogo yake ya mwisho. Liévin alimwona pia, akasimama. Tangu alipokuwa mdogo alikuwa akila kwa mama huyo kila wazazi wake walipochelewa shambani. Alifungua mdomo kumwamkia, lakini Annie alikuwa ametangulia.

"Jambo, mama," Annie alisema kwa upole. "Kazi inaendelea muzuri? Baba mukwe anakulipa kwa siku ama kwa shamba nzima?"

Hakukuwa na ubaya wowote katika swali lile. Msichana alitaka tu kuwa mwema kwa kibarua. Constance alijinyoosha polepole, mkono kiunoni, akamtazama yule mtoto wa watu, viatu vyake vya kitambaa, uso wake uliokuwa ukingoja jibu.

"Silipwe, mwana yangu," alisema. "Namaliza tu. Pitia huku, usiharibu viatu. Pale chini kuko mashimo."

Akamshika mkono na kumvusha matuta.

Honorine alimtazama mumewe. Donat alikuwa amesimama karibu na kigingi, mdomo umefunguka kidogo, na rangi ya uso wake ilikuwa imegeuka kama ya mtu aliyemeza kitu kibaya na hawezi kukitema mbele ya wageni. Kisha aligeuka, akashuka kilima peke yake bila kuaga, akapotea nyuma ya mahindi.

Mezani Annie ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameona kitu, hakujua ni nini. "Ule mama ni nani? Nilimukosea?"

"Haukumukosea weye," Honorine alisema, akamwambia.

Liévin aliacha kula. "Baba aliniandikia kwamba ile bulongo haina mwenyewe."

"Ina mwenyewe. Umemuona."

"Mama, nisikilize." Alisukuma kiti karibu. Hakuwa mtoto mbaya, alikuwa mtoto aliyechoka kungoja. "Ule mustari wa juu, unajua nani walipewa? Bakubwa. Bantu wenye hawajawahi kukanyaga hapa. Hakuna mwenye aliuliza walikuya mwaka gani. Sasa siye, kwa kiwanja kimoja tu, njo tuwe watakatifu? Tukiacha, unafikiri Mama Constance atapewa? Atapewa mutoto wa mutu fulani."

Yaliyosemwa yalikuwa kweli, na Honorine alijua. Annie aliangalia mikono yake.

"Baba yangu aliuliza nitakaa wapi," msichana alisema baadaye, karibu kwa kunong'ona. "Hakuuliza mwenye alikuwa anakaa pale ataenda wapi. Na miye sikufikiri kumuuliza."

Waliondoka kabla ya jua kutua, kuwahi gari. Liévin alimkumbatia mama yake kwa mkono mmoja. Baba yake hakuwa amerudi.

*

Jumatatu asubuhi Donat alivaa koti la reli, lenye vifungo vya shaba, ambalo hakuwa amelivaa tangu misa ya kustaafu. Lilimbana tumboni. Alimwambia mkewe, "Kama unataka kuya, kuya," na hawakusema tena hadi mjini.

Mlinzi aliwaweka kwenye benchi lile lile la watu wasio na haraka. Walipoitwa, Donat alibaki amesimama.

"Nilikosa juu ya nyumba ya mujane Kunda," alisema. "Alikuwako."

"Ulikosa, ama uliongopa?" Mukuka aliuliza.

Mlango ulikuwa wazi, na watu wa benchi walikuwa wakisikia.

"Niliongopa. Nilitaka kiwanja cha mutoto wangu."

Mukuka alitembea hadi kwenye ramani. Alieleza bila hasira. Akimrudisha mjane, Liévin anatoka. Hilo lilikuwa jepesi. Lakini mtu aliyetoa ushuhuda wa uongo hawezi kubaki mstari wa juu, wakubwa wangeuliza, na yeye Mukuka angeulizwa pia kwa kumwamini. Kiwanja cha juu cha Donat kingekwenda kwa mwingine. Angepata kingine chini, pembeni mwa korongo, mahali ambapo mwanzo palikusudiwa kuachwa miti kwa sababu ya mteremko. Na nyumba yake angeibomoa mwenyewe.

"Ninaweza pia kuacha kama ilivyo," Mukuka aliongeza, macho yakiwa kwenye ramani. "Sijaandika kitu bado. Mtu mwingine angetoka hapa na kusahau kwamba alikuja."

Honorine alimtazama mumewe kutoka pembeni, zile nywele nyeupe za shingoni juu ya kola iliyobana, na akajua kwamba kama Donat angesema 'acha', yeye angerudi naye nyumbani na kumpikia. Kujua huko kulimwogopesha.

"Andika," Donat alisema.

"Na uongo ulisema mbele ya watu," Mukuka alisema. "Hii pia utaisema mbele yao. Jumamosi, baada ya salongo."

Akaisema. Hakukuwa na jua siku hiyo, mawingu ya kwanza yalikuwa yamekaa juu ya kilima. Donat alivua kofia, akasema maneno machache kuliko siku ya kwanza. Watu walisikiliza huku wakitazama majembe yao. Kasonde alicheza na funguo zake, kwa kuwa hakujua jina lake lingetajwa au la, lakini halikutajwa. Mzee mmoja aliguna. Kijana mmoja, kati ya wale walioandikiwa kuondoka, alicheka kwa sauti, na hakuna aliyemkanya. Constance alisimama na binti zake. Donat alipomaliza, watu walimtazama Constance, wakingoja aseme amesamehe, kama ilivyo desturi.

"Nimesikia," Constance alisema. Akawachukua binti zake, wakaenda kurudisha bati juu ya paa.

*

Kazi ya kubomoa ilianza wiki ile ile. Zamani, mtu akihama Mulonde, kilima kizima kilimbebea vitu. Safari hii walipita watu wachache, wakatoa pole, wakasema wana kazi. Wenye ugomvi sasa walikwenda kwa Kasonde. Donat aling'oa misumari mmoja mmoja na kuinyoosha juu ya jiwe. Mgongo ulipomzidi alikaa, ukipungua aliinuka. Honorine alibeba milango, madirisha, vyungu, na matofali yaliyokubali kutoka mazima.

Barua ya Liévin ilikuja fupi. Baba yake Annie hakuwa amekataa, lakini alisema wangoje hadi kijana apate mahali. Liévin mwenyewe hangeweza kuja kusaidia, kazi ilikuwa nyingi mgodini. Alimsalimu mama yake. Donat aliisoma akiwa amesimama, akatafuta kwa macho mahali jina lake lilipo, halikuwepo. Aliikunja vizuri na kumrudishia mkewe.

Kiwanja cha chini kilikuwa na mawe, na udongo wake uliteleza. Walijenga kibanda cha kwanza cha fito na bati, kabla ya nyumba. Siku walipohamia, mvua ilinyesha mchana kutwa na kuzima kila kitu. Honorine alijaribu kuwasha jiko kwa vibiriti vilivyolowa hadi vikaisha, akabaki ameshika kasha tupu. Donat alikuwa nje akichimba mfereji maji yasiingie, na hata kupitia ukuta wa fito alimsikia akihema.

Mtu alikuwa akishuka njia ya utelezi, akishika vichaka. Alikuwa Constance, gunia kichwani kujikinga na matone, na mkononi kipande cha chungu kilichofunikwa kwa kingine. Alimpita Donat pale mferejini. Donat aliinuka, akampisha, akavua kofia iliyolowa. Constance aliendelea hadi mlangoni.

Alifunua chungu. Ndani kulikuwa na makaa mekundu.

"Niliona hakuna moshi," alisema.

Honorine alipokea kwa mikono miwili. Joto lilimpanda hadi viwikoni. Alitaka kusema lile alilopaswa kulisema mbele ya ule ukuta, lakini Constance alikuwa amekwisha ona, akatikisa kichwa.

"Hapana leo, Mama Liévin. Leo ni moto tu. Miye na weye bado tuko na maneno, na miye sijakuwa tayari kuyasikia."

"Nitangoja."

"Ngoja."

Aliinua gunia lake, akaanza kupanda kilima. Mferejini Donat alikuwa bado amesimama na kofia mkononi, mvua ikimpiga kichwani. Constance alipunguza mwendo kidogo alipomfikia, akatazama mfereji aliokuwa akichimba.

"Peleka maji upande wa korongo," alimwambia, bila kumwita shemeki na bila kumwita jina. "Ukipeleka huku itarudi ku mlango."

Akaenda zake. Donat alimtazama hadi alipopinda, kisha akavaa kofia, akahamisha jembe upande wa pili, akaanza upya. Ndani, Honorine alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, akipuliza.